Kompyuta ya Kuondolea Matanga

Nyalukemba, Jumapili tarehe 7 Machi 2004

Mkutano wa familia ulianza baada ya misa ya pili, na nilidhani nitasema maneno machache kisha tule. Ajenda ilikuwa moja tu: kompyuta ya kutengenezea filamu ya Papa, marehemu baba yetu. Mimi ndiye ninayeijua kazi hiyo. Katika ofisi ya parokia nimekata na kuunganisha filamu za ubatizo, za jubilei, za masista wakicheza ngoma, mpaka umeme wa mwezi wa kumi na mbili ulipokuja kwa nguvu na kuunguza kompyuta yetu ya pekee. Basi nikawaeleza pole pole. Tunahitaji kompyuta moja, kamili, yenye tundu la kupokea waya wa kamera. Yenye disque kubwa ya kuhifadhia, maana saa moja ya filamu inakula nafasi kuliko wakwe wanavyokula wali. Na yenye mémoire, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya kutosha, isije ikaganda katikati ya kazi.

Tonton Isidore, mdogo wake Papa na mkubwa wa tawi la Bagira, akakohoa. Tonton akikohoa, wewe uliyekuwa unasema umeshamaliza.

"Constance, mutoto wangu, umesema muzuri. Lakini hii haiko ordinateur ya mutu moja. Iko ya matanga ya kaka yangu. Na kwa matanga, kila tawi inaleta kitu. Bagira italeta ekrani. Luberizi italeta klavie ya kuandikia na ile panya yake. Nyinyi wa Nyalukemba mutaleta sanduku."

"Tonton, kompyuta si mbuzi."

"Mbuzi nayo iko na vipande."

Wote wakacheka isipokuwa mimi. Kaka yangu Edouard, mtu wa NGO, mwenye simu mbili na akili ya kuchagua magari, alikuwa anatikisa kichwa kukubali kana kwamba askofu anahubiri. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, nikasema. Hakuna aliyesikia.

Mama alisema wa mwisho. Papa alipouawa Luberizi Aprili mwaka jana, alikokwenda kuangalia mpunga wa dada yake, barabara ilikuwa imefungwa kwa vita. Tantine Monique, huyo dada yake, alimzika siku hiyo hiyo. Habari ilitufikia Papa akiwa tayari chini ya udongo.

"Mimi sikumuona," Mama akasema. "Muke wa mutu anaangalia bwana yake kabla ya kumufunika. Mimi nilikuwa hapa na sufuria ya maharagi. Sasa munitengenezee ile filme, nimuone mbele ya batu bote, njo nitoe hii kitambaa nyeusi ya kilio. Musinionyeshe vipande vipande. Nguvu ya kumuona, niko nayo ya mara moja tu."

Kaseti zipo, zimejaa kopo la maziwa. Papa alinunua kamera alipostaafu ukurugenzi wa shule, akalazimisha kila mtu kumpiga filamu. Mama angeweza kuziangalia kesho kwenye televisheni ya jirani. Hataki. Kuondoa matanga kumewekwa Jumamosi ya mwisho ya Mei, na nimebaki mimi na kompyuta ya vipande.

Jumatano, 10 Machi

Mvua. Hakuna umeme.

Jumamosi, 13 Machi

Nimeipata. Iko kwa Dany, kijana mwenye duka la kupiga chapa na kuuza mashine pale avenue. Imetumika, rangi yake imegeuka kama meno ya mvuta sigara, pembeni imekwaruzwa. Lakini ina tundu la kamera, ina disque kubwa, na Dany alipoiwasha nikafungua programu tatu kwa pamoja, haikutetereka. Nilimwambia aniwekee.

"Dada Constance, ntakuwekea, lakini mubayate haraka," akasema. Dany huchanganya maneno akiona mteja. Alitaka kusema tusichelewe.

Sasa lazima Edouard aione, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wa nyumba yetu na yeye ndiye anayenunua. Yuko safarini mpaka Alhamisi.

Alhamisi, 18 Machi

Sijui nianzie wapi.

Edouard alikuja dukani na viatu vinavyong'aa, akaiangalia kompyuta yangu kama mtu aliyeonyeshwa bibi harusi mwenye kikohozi. "Hii? Mbele ya familia?" Kisha macho yake yakaenda kwenye rafu ya juu. Pale palikuwa na sanduku jipya, jeusi, lenye taa za bluu zinazowaka na kuzima.

"Na ile?"

"Ile njo neuf, patron. Katoni yake iko, garantie iko," Dany akajibu.

Nikamwambia Edouard kwamba disque ya ile ni ndogo, kaseti moja tu itaijaza. Nikamwambia mémoire yake ni nusu ya ile kuukuu. Nikamwambia haina hata tundu la kamera. Dany akasema tundu linaongezwa, iko kadi ya kuchomeka ndani. Nilipomuuliza Dany kati ya mbili hizi ipi ni bora kwa filamu, akasema zote ni bora. Huyo ndiye mshauri wetu.

"Constance," Edouard akaniambia kwa ile sauti yake ya semina, "kuukuu ni kuukuu. Watu wakija wataona nini? Wataona tumemuondolea Papa matanga na kitu ya kuokota."

"Watu wataangalia ekrani, si sanduku!"

"Taa wataziona."

Akanunua taa.

Ijumaa, 19 Machi

Bado nina hasira. Nimeunguza maharagi.

Jumamosi, 27 Machi

Ekrani ya Bagira imefika. Walikuja nayo kwa minibasi, imefungwa blanketi, imebebwa na wanaume wawili, wanawake wakipiga vigelegele toka barabarani mpaka mlangoni. Ni kubwa ajabu. Ilikuwa ya ofisi fulani iliyofungwa wakati wa vita. Tulipoiweka, meza ilipinda, tukaleta tofali la kuitegemeza. Tonton Isidore alihutubia. Alisema ekrani ndiyo uso wa kompyuta, na kwamba Bagira haijawahi kuleta kitu kidogo kwenye kilio.

Kisha nikaona plagi yake. Meno mawili bapa.

"Tonton, hii inakula umeme wa namna gani?"

"Ya Amerika," akasema kwa fahari.

Tukiichomeka kwenye umeme wetu italipuka. Wageni wakala wali, wakaishangaa ekrani isiyowaka, wakaenda zao. Nimepewa mimi kazi ya kutafuta kifaa cha kupunguza nguvu ya umeme.

Jumanne, 6 Aprili

Dereva wa lori ameleta fungu la Luberizi: gunia la mchele, na ndani ya mchele, klavie na panya. Klavie ina herufi za Kiarabu. Ilitoka Dubai, Tantine Monique ameagiza tuambiwe hivyo, ni kitu cha heshima. Vidole vyangu vinajua njia, nitapapasa. Mama alichukua mchele akauweka jikoni. Klavie hakuigusa. Tangu mwaka jana hataji jina la Tantine. Husema "yule aliyezika".

Jumapili, 18 Aprili

Hatimaye inawaka, na Dany ameichomeka ndani ile kadi yenye tundu la kamera. Kifaa cha umeme kinanguruma kama nguruwe wa jirani, ekrani ina doa la kijani kwenye kona, taa za bluu zinapendeza sana. Nimeingiza kaseti ya kwanza, na disque imejaa. Nilisema, sikusema?

Basi kazi inakwenda hivi: naingiza kaseti moja, nachagua dakika chache, nafuta zilizobaki, naingiza nyingine. Kila nikibonyeza kufuta, najiambia kaseti zipo kwenye kopo, hakuna kinachopotea.

Papa mwenyewe ananichosha. Katika kila kaseti anaamuru. "Constance, rudi nyuma. Edouard, simama sawa. Aimée, acha hiyo sufuria, angalia huku." Aimée ni Mama. Mtu amekufa mwaka mzima na bado ananiambia nirudi nyuma. Leo nilimjibu kwa sauti, kisha nikalia kidogo, kisha umeme ukakatika na kazi yote ya asubuhi ikaenda nao. Nikaacha kulia, nikatukana.

Jumatatu, 19 Aprili

Nimerudia.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimerudia tena.

Jumapili, 2 Mei

Tonton Isidore alikuja "kutembea tu". Akakaa mbele ya ekrani yake, akaomba aonyeshwe kidogo. Mama akatoka kwenda kwa jirani ili asisikie hata sauti. Tonton aliangalia, akahesabu kwa vidole, akakohoa.

"Bagira iko kidogo."

"Tonton, ni filamu ya Papa."

"Ndiyo, lakini Papa alikuwa anakuja Bagira kila Krismasi. Ju ya nini batu bataona Nyalukemba, Nyalukemba, Nyalukemba? Ekrani iko ya nani?"

Nilimwambia disque imejaa, nikiongeza Bagira lazima nimtoe Papa. Akaniambia nimtoe Edouard. Hapo, nakiri, nilimpenda kwa mara ya kwanza.

Jumamosi, 15 Mei

Filamu imekwisha. Nusu saa na kidogo. Papa akizungumza, akila, akicheza kwenye harusi ya binamu yetu Élodie, akigombana na kuku, akiimba kwaya ya wanaume kwa sauti isiyo yake. Kompyuta inaganda kila nikiicheza mfululizo, mémoire haitoshi. Edouard anasema niipumzishe.

Jumatatu, 24 Mei

Tantine Monique amefika toka Luberizi kwa ajili ya Jumamosi. Alipiga magoti mlangoni. Mama akamwambia, "Ingia, mvua inakuja," akageuka kwenda jikoni. Walikula sahani moja bila neno. Mimi niliongea peke yangu kama redio.

Jumatano, 26 Mei

Risasi tangu mchana. Tumelala sakafuni.

Alhamisi, 27 Mei

Ofisi ya Edouard inawahamisha wafanyakazi wake Goma. Alipita mbio, akambusu Mama. Halafu, nikiwa namwangalia, akachomoa waya zote za kompyuta na kuzitia mkobani. "Hawawezi kuiba kitu kisichowaka," akasema. Nikamwuliza kama amewahi kukutana na mwizi. Gari lilikuwa limeshapiga honi.

Ijumaa, 28 Mei

Risasi zilinyamaza kidogo asubuhi. Tonton Isidore akaja kwa miguu toka Bagira na vijana wake kuchukua ekrani. Nilitaka kumrukia.

"Kesho tulikuwa tunaondoa matanga, na leo unabeba ekrani?"

"Kesho hakuna matanga, mutoto wangu. Askari bakikuta kila kitu pamoja, banabeba kila kitu pamoja. Kila tawi ichunge kipande yake."

Nilimwita majina moyoni. Lakini alikuwa amepita barabara ambayo hakuna mtu aliyekuwa anapita, mzee wa miguu mibovu, akamwuliza Mama kama tuna unga, akaacha alioubeba.

Jumatano, 2 Juni

Askari waasi wameingia mjini.

Ijumaa, 4 Juni

Jana sikuandika.

Walikuja jana askari kadhaa, mchana. Tulisikia lango la jirani likivunjwa kwanza. Yaliyotokea kule sitayaandika. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba na lile sanduku mikononi, nazunguka kama kuku, sijui niliweke wapi. Chini ya kitanda ndipo wanapotazama kwanza. Tantine Monique akaninyang'anya. Akalilaza kando ya jiko la makaa, akalifunika kitenge, akakaa juu yake, akavuta ungo wa maharagi mapajani.

Wakaingia. Walichukua redio, godoro, viatu vya Papa. Walichukua kamera. Mmoja akaona kopo la maziwa juu ya kabati, akalitikisa, akalitia ndani ya mfuko wake pamoja na sukari. Alidhani ni maziwa. Nilifungua mdomo nimwambie, Mama akanishika mkono kwa kucha.

Klavie waliitazama zile herufi, wakaitupa uani.

Kisha yule mwenye bunduki fupi akamwelekea Tantine. "Telema, mama!" Simama. Tantine akaendelea kuchambua maharagi.

"Mutoto wangu, magoti yangu ilikufa. Ukitaka nisimame, uniinue weye."

"Telema!"

"Niinue."

Alimwekea mtutu begani. Tantine akatoa jiwe dogo kwenye maharagi, akalitupa. Sijui ni nini kilimchosha yule kijana, labda maharagi, labda aliona bibi yake. Akapiga teke ungo, wakatoka.

Tantine hakuinuka mpaka jua lilipozama, kwa sababu safari hii magoti yalikuwa yamegoma kweli. Mama ndiye aliyemwinua. Alimshika kwapani, wakasimama hivyo, halafu Mama akaanza kuokota maharagi sakafuni.

Kaseti zimekwenda. Alichobaki nacho Papa ni ile nusu saa niliyomwachia, ndani ya disque niliyoikataa dukani. Vyote nilivyofuta nikijiambia vipo, havipo. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimemkasirikia Edouard na taa zake mpaka nimechoka, na nimejikasirikia zaidi.

Jumatano, 9 Juni

Wameondoka. Watu wanafagia.

Jumapili, 20 Juni

Kiangazi kimeanza, vumbi kila mahali. Tantine angeweza kurudi Luberizi sasa. Mama amemwambia asubiri. Matanga yataondolewa tarehe kumi Julai.

Alhamisi, 8 Julai

Vipande vimerudi. Edouard kaja toka Goma na waya zake zote, ameziviringisha vizuri, na anataka pongezi. Klavie imepoteza vitufe vitatu. Tonton Isidore alileta ekrani kwenye mkokoteni. Alikuwa ameificha chini ya kuni muda wote huu, na wezi walichukua kuni. Ekrani wakaiacha, ilikuwa nzito mno. Lile doa la kijani limeenea nusu ya kioo. Nilingoja aniulize habari za dakika za Bagira. Akaangalia mlangoni kwanza, kisha akaniuliza polepole, "Iko fasi anacheka?"

Nikamwambia ndiyo, iko mahali Papa anacheka. Akatoa kitambaa, akapenga kamasi.

Jumapili, 11 Julai

Jana. Misa, kaburi liko Luberizi, tukarudi nyumbani. Uwanja ulijaa. Nilikuwa nimewasihi wote, Edouard hasa, wasiguse kitu. Mama aliketi mbele kabisa, na nguo yake nyeusi toka kichwani mpaka miguuni, mikono mapajani.

Papa alitokea, kijani kidogo upande mmoja. Watu wakapiga kelele, wengine wakamsalimia kabisa. Alizungumza, akala, akacheza. Tonton alicheka na kulia mahali pamoja. Mama hakufanya chochote. Aliangalia tu, kama mtu anayesoma herufi ndogo.

Ikabaki kama dakika mbili, na kompyuta ikaganda.

Papa amesimama uani, mkono juu, mdomo wazi, neno halijatoka. Nikabonyeza, wapi. Edouard akaruka, "Bonyeza Échap! Échap iko wapi?" Kitufe hicho cha kutokea kilikuwa kimoja cha vile vitatu vilivyopotea. Dany, aliyealikwa kula, akashauri tuzime na kuwasha. Tonton akasema tungoje. Kila mtu akawa fundi. Mimi nilisimama na machozi ya hasira, nikiwaza: miezi minne, vita, matawi matatu, na haya ndiyo yaliyotoka.

"Musimuzime," Mama akasema.

Aliinuka, akasogea mpaka karibu na kioo. Alimwangalia kwa muda mrefu. Aligusa shavu, akagusa ule mkono ulioinuliwa.

"Kumbe alikuwa amezeeka," akasema. Halafu, bila kugeuka: "Monique. Ile siku, ulimufunika na nini?"

Tantine alikuwa nyuma kwenye sufuria. Watu wakampisha njia kwa macho.

"Na kitenge yangu, dada. Ile nilikuwa nimevaa. Sikukuwa na ingine."

"Uso pia?"

"Uso pia. Nilimufunga macho kwanza."

Mama akatikisa kichwa. Akapeleka mikono nyuma ya shingo, akafungua fundo, akavua kile kitambaa cheusi. Nywele zake zote zilikuwa nyeupe. Alipoingia matangani zilikuwa nyeusi, na kwa mwaka mzima hakuna hata mmoja kati yetu aliyeziona. Akakitandaza kitambaa juu ya ekrani, akavuta pembe moja chini, ikafunika mkono, akavuta nyingine, ikafunika uso, akanyoosha kwa kiganja pale palipokuwa na mikunjo.

Kisha akaenda nyuma, akachukua mwiko mwingine, akasimama kando ya Tantine Monique.

"Lete sahani, Constance," akaniambia. "Batu banangoja."